Aliyegusa Msingi

Kavira aliponipigia simu kuniambia kwamba wanaandaa karamu ya kumuaga Shefu Serafini, mkuu wetu wa zamani, ambaye anastaafu baada ya maisha yake yote mbele ya kompyuta, swali langu la kwanza lilikuwa kama mzee bado anasimama mwenyewe. Kavira alicheka, akadhani namwonea huruma. Akaniambia magoti yanamsumbua lakini anasimama vizuri tu, hata kanisani husimama injili yote. Nikamwambia basi nitakuja. Sikumweleza kwa nini ilikuwa muhimu kwangu asimame. Mtu aliyekusingizia akiwa wima, mbele ya watu, kwa sauti, hawezi kuja kukuomba msamaha akiwa ameketi pembeni na sahani mapajani. Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria jambo hili, na nimelifikiria hadi kwenye viti.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa msichana niliyetoka tu chuoni, na nilipanga chumba mtaa wa Mapendo, hapa Goma, pamoja na Kavira huyuhuyu. Kilikuwa chumba cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe hayo hakuna aliyeyasawazisha kabla ya kujenga, kwa hiyo kitanda chetu kiliwekewa vipande vya matofali chini ya miguu miwili ili tusiamke tumebanana upande mmoja. Tulilala kitanda kimoja na kupikia sufuria moja. Jumapili Kavira alinunua viazi vya Kibumba, vile ambavyo bado vina udongo mweusi, tukavila na maharage mpaka katikati ya wiki. Baada ya hapo tulikula bugali na mchicha wetu wa lengalenga na kuambiana kwamba tunapunguza mwili. Mbao zilikuwa nyembamba. Upande wa kushoto tuliwasikia mume na mke wakigombana kwa Kinyarwanda na kupatana kwa Kiswahili, na upande wa kulia mama mmoja alisali rozari kila alfajiri kwa sauti ya kuamsha mtaa, naye Kavira akimwitikia “utuombee” huku akijipaka mafuta. Nilikuwa na furaha. Naliandika neno hilo kwa hasira, kwa sababu furaha ile ilikuwa yangu na kuna mtu aliyeichukua.

Kazi yetu ilikuwa ghorofani, katika nyumba ya mawe iliyopakana na hospitali moja ya mjini. Hospitali hiyo ilitaka programu ya kompyuta badala ya makaratasi, na sisi ndio tuliokuwa tunaitengeneza. Tulikuwa wanne. Shefu Serafini alikuwa mkuu wetu, naye mwenyewe alishika sehemu ya konsultasio, ile ambayo daktari huiona kwenye skrini anapompokea mgonjwa. Kavira alishika maabara. Mimi nilipewa farmasi, sehemu iliyopokea maagizo ya daktari na kuchapa karatasi ya dozi kwa wauguzi wa dirishani. Paluku hakuandika programu. Aliangalia mashine, nyaya na jenereta, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu kingine.

Chini ya sehemu zetu zote kulikuwa na sehemu moja tuliyoiita msingi. Humo tuliandika mara moja tu mambo ambayo kila mmoja wetu aliyahitaji: mgonjwa ni nani, jina lake linaandikwaje, umri wake unahesabiwaje. Farmasi iliegemea msingi, maabara iliegemea msingi, konsultasio vilevile. Kila sehemu inapojengwa, yaani inapogeuzwa kutoka maandishi yetu kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, hubeba ndani yake nakala ya msingi wa siku hiyo. Kwa hiyo ukibadilisha kitu kwenye msingi, lazima ujenge upya kila kilichouegemea. Usipofanya hivyo, ile sehemu uliyoiacha itaendelea na nakala yake ya zamani bila kulalamika, na hapo ndipo hatari ilipo. Programu iliyovunjika hupiga kelele na kila mtu anakuja mbio. Programu iliyopitwa na wakati hukaa kimya na kukujibu kwa adabu. Kinga yetu ilikuwa namba ya toleo. Ukigusa msingi, unaupandisha namba, na kompyuta ikiona namba mpya inajua kwamba wote walio juu yake wajengwe tena. Namba ikibaki ileile, inaamini kwamba hakuna kilichotokea.

Kujenga sehemu zote kulichukua muda mrefu kwenye zile mashine zetu za mitumba, na umeme ulikuja na kuondoka unavyotaka. Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu. Anayegusa msingi husimama na kutangaza chumba kizima kisikie: “Nimegusa musingi.” Wote tunaacha kazi, Paluku anawasha jenereta, na sehemu zinajengwa upya moja baada ya nyingine, za chini kwanza. Wakati huo aliyegusa anashuka uani, anawasha mbabula ya makaa na kutupikia chai sisi wengine, maana yeye ndiye aliyetukalisha bure. Ilianza kama utani wa Paluku, ikageuka sheria. Ilikuwa sheria nzuri, kwa sababu hakuna aliyeweza kugusa msingi kwa siri. Angeonekana uani akipepea makaa. Nilipika chai nyingi mwaka ule, na Kavira alipika zaidi yangu kwa kuwa alikuwa msahaulifu. Shefu alipika mara moja tu, mwanzoni. Alimwaga sukari nusu chini, na mama muuza makaa aliyekuwa akipita akasimama langoni, akamtazama na kusema kwamba tangu azaliwe hajaona directeur anapuliza moto. Tulicheka mpaka Kavira akakaa chini. Tangu siku hiyo Shefu hakuonekana tena akiugusa msingi kwa mkono wake. Kila alichotaka kibadilike alituagiza sisi.

Lazima nikiri kwamba alikuwa hodari, wala silisemi kwa sababu nimemsamehe. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchora kwa chaki, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, visanduku na mishale ya kuonyesha nani anamwegemea nani, na kunikataza mishale inayozunguka na kurudi ilikotoka. Aliniita binti yangu. Alikuwa na tabia ya kunywa chai yako huku akikuhesabia makosa yako, na ya kukata jibini ya Masisi vipande vyembamba juu ya meza yake bila kumkaribisha mtu, akila kwa ncha ya kisu. Tulimheshimu, na kwa kiasi fulani tulimpenda. Sasa nikimkumbuka naanza na kile kisu na ile jibini, na siwezi kumkumbuka vingine.

Mwishoni mwa masika tuliambiwa kwamba wageni wanakuja, wale wafadhili ambao bila wao mradi ungekufa. Walijali hasa watoto wadogo, kwa hiyo Shefu alitaka kuwaonyesha kwamba programu yetu inahesabu umri wa mtoto kwa miezi. Hapo nyuma umri wote tuliuandika kwa miaka. Hakutuambia kwamba ameshaandika badiliko hilo nyumbani kwake. Asubuhi ya ziara alinituma mimi mpakani kuwapokea wageni, nikavaa kitenge changu cha Pasaka na kusimama pale kwenye kizuizi nimeshika kartoni yenye jina la mradi, nikijiona mtu mkubwa. Yaliyotokea ofisini wakati huo niliyajua baadaye. Alichomeka clé yake, kile kijiti cha kubebea mafaili mfukoni, kwenye mashine kuu, akaweka msingi mpya wenye miezi juu ya ule wa zamani, na akaiacha namba ileile. Kisha akajenga upya konsultasio peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo ingeonekana ukutani mbele ya wageni. Hakusimama wala hakutangaza. Kutangaza kungemaanisha kuzisimamisha mashine zote asubuhi ile, na yeye kushuka uani kupuliza makaa na suti yake mpya huku magari ya wageni yakiingia langoni.

Maonyesho yalikwenda vizuri mno. Mgeni mmoja mwanamke alipiga makofi alipoona miezi ya mtoto ikijiandika yenyewe. Baadaye tulikula sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, viazi na jibini, na siku hiyo Shefu aliikata vipande vinene na kumkaribisha kila mtu. Alisimama na kusema kwa Kifaransa kwamba ana vijana ambao angewaachia nyumba yake na funguo zake. Nilirudi Mapendo nikiwa na sambaza zilizobaki ndani ya mfuko, na mimi na Kavira tulizila kitandani huku tukimwigiza yule mgeni akipiga makofi.

Siku chache tu baadaye mama mmoja wa Kibumba, muuza karoti, alimleta mtoto wake wa kiume mwenye malaria. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Daktari alimwandika, na konsultasio ikaandika umri wake kwa miezi: ishirini na minne. Agizo likaenda farmasi. Farmasi yangu, ambayo hakuna aliyeijenga upya, ilikuwa bado na msingi wa zamani tumboni, na kwa msingi huo namba ya umri ilikuwa miaka. Ikasoma ishirini na minne, ikaona kijana wa miaka ishirini na minne, ikachapa dozi ya mtu mzima. Dirishani kulikuwa na foleni ndefu na muuguzi mgeni kazini aliyeambiwa kwamba kompyuta haikosei. Mtoto alipona, nalisema mapema ili msomaji asikae na hofu niliyokaa nayo mimi. Lakini kabla ya kupona alitapika, akapata degedege, na akalala siku nyingi hospitalini bila kumtambua mama yake.

Habari ilipopanda ghorofani, nilishuka moja kwa moja kwenye chumba cha mashine. Nilifungua farmasi na kukuta msingi unaohesabu miaka. Nilifungua konsultasio na kukuta msingi unaohesabu miezi. Yote miwili ilikuwa na namba moja, tarakimu kwa tarakimu, na hapo nilielewa kila kitu isipokuwa nani. Nilipanda nikawauliza wenzangu ni nani aliyegusa msingi. Paluku alisema yeye na mambo ya kuandika programu wapi na wapi. Kavira, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, alisema hajaona mtu yeyote akipika chai. Nikawaamini. Wa nne kati yetu hakuhitaji kutafutwa sana.

Nilimkuta Shefu mezani kwake, mlango ukiwa wazi, akaniomba niufunge. Nilimweleza nilichokiona kwenye mashine, taratibu, kwa heshima, nikidhani kwamba labda alisahau na kwamba tutashuka pamoja kwa daktari mkuu kueleza. Hakubisha hata neno moja. Hilo ndilo lililonishangaza, na ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba chumbani mle, tukiwa wawili, alikubali.

“Kahindo, unajua niko na batoto ku masomo,” alisema.

“Minajua, Shefu.”

“Miye bakinifukuza, nyumba muzima inaanguka. Weye ungali musichana. Utapata bwana, utazaa, hii mambo yote utasahau.”

Nilimwambia kwamba yule aliyelala kule wodini ni mtoto pia. Akaniuliza, kwa sauti ileile ya upole aliyotumia kunifundisha mishale, dozi ilitoka wapi. Nikasema ilitoka farmasi. Akauliza farmasi ni ya nani. Nikatazama mlango. Akasema, “Basi,” akanifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa hospitali, madaktari mbele, wauguzi ukutani. Serafini alisimama. Nakumbuka alivyofunga kifungo cha koti kabla ya kuanza. Alisema kwa Kifaransa safi kwamba uchunguzi umeonyesha kosa limo katika moduli ya mademoiselle, kwamba ni kijana mwenye kipaji lakini mwenye haraka, na kwamba yeye kama mkuu anasikitika kwa kumwamini mno. Nilipopewa nafasi nilisimama pia. Nilisema farmasi haijaguswa tangu kabla ya wageni, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe, kwani ilipaswa kujengwa upya baada ya msingi kubadilishwa. Daktari mkuu alivua miwani. “Kwa hiyo unakubali haikuguswa?” aliuliza. Nikasema ndiyo. “Na farmasi ni ya kwako?” Nikasema ndiyo. Akavaa miwani, akaandika. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu na ukweli huo ukanifunga. Nilitaka kueleza tena, kwa visanduku na mishale, lakini muuguzi mmoja wa ukutani alishaanza kulia, na mtu anapolia hakuna anayesikiliza namba za toleo.

Baada ya mkutano Serafini alisema itakuwa vyema nikamwombe radhi mama wa mtoto. Alinipeleka mwenyewe. Yule mama alikuwa ameketi kitandani na mwanawe mgongoni, mtoto tayari amefungua macho lakini bado legelege, na kando yake kulikuwa na mfuko wa karoti ambao nadhani alikuja nao akiwa na nia ya kuuza akirudi. Serafini aliniweka mbele yake, mkono wake begani kwangu, akamwambia ni huyu. Nilisema pole, mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hata kofi ningelipokea. Mama yule alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, polepole.

“Uko mutoto weye mwenyewe,” alisema. “Kwa nini banakuachia dawa ya batu?”

Alinihurumia. Nilipaswa kugeuka pale na kuunyoosha kidole nyuma yangu, na mkono ule begani ulijua hivyo, kwani ulinibana. Serafini akamjibu kwa niaba yangu kwamba hawataniachia tena. Kati ya yote aliyonifanyia, kazi niliyopoteza na maneno ya ukumbini, nimeuchukia zaidi ule mkono. Nimeuota. Hata leo mtu akinishika bega kwa nyuma, hata mume wangu, najikunyata.

Nilifukuzwa wiki ileile. Goma ni mji mkubwa wa majengo na mdogo wa maneno. Jina nililopewa lilinitangulia kila nilikokwenda: Mama Dozi. Nilikwenda kuomba kazi kwenye duka la simu na kijana wa mapokezi akaniuliza kama mimi ndiye Mama Dozi, akicheka, bila ubaya. Nilikwenda shuleni kuomba kufundisha kompyuta na mkurugenzi, padri mmoja mpole, akaniambia wazazi wataongea. Nilibaki Mapendo miezi iliyobaki ya mwaka ule nikila viazi alivyonunua Kavira. Alinitendea wema mkubwa, lazima niliandike hilo. Alirudi jioni na kunisimulia habari za ofisini kwa uangalifu, akiruka jina la Serafini kama mtu anayeruka dimbwi. Alinisuka nywele. Alimkaripia jirani wa kushoto aliyesema kitu kupitia mbao. Nililala nikitazama ukutani, na yeye aliniwekea mkono mgongoni na kusema itapita. Mwisho wa mwaka nilipanda mashua kwenda Bukavu, ambako hakuna aliyekuwa amesikia jina lile. Kavira alilia bandarini kuliko mimi.

Miaka ilipita na nilijijenga. Sitaeleza jinsi, kwa sababu ni hadithi ya kufanya kazi kwa bidii na hadithi hizo zinafanana. Itoshe kwamba nilirudi Goma nikiwa mtu wa kuketi upande ule mwingine wa meza, katika kamati inayochagua programu za kutumiwa na vituo vya afya. Huko niliandika kanuni moja ambayo wenzangu wanaisifu hadi leo. Inasema kwamba hakuna programu itakayopokelewa mpaka wenyewe waijenge upya yote, kuanzia msingi, kwenye kompyuta tupu ya kwetu, mbele ya macho yetu, bila kuingiza kitu chochote kutoka mfukoni. Vijana wa kamati hudhani niliitoa kwenye vitabu. Niliiandika kwa ajili ya mtu mmoja, nikijua kwamba siku moja atakuja, na alikuja.

Serafini aliingia na programu mpya na vijana wawili wenye mashati ya kufanana. Alinitambua, akaniita binti yangu mbele ya kamati, akawaambia kwamba ndiye aliyenifundisha. Nikasema ni kweli, nikamsogezea kompyuta tupu. Sehemu ya kwanza ilijengeka. Ya pili ikadai kitu kilichokuwa kwenye mashine ya nyumbani kwake tu, kitu alichowahi kukibadilisha kwa mkono na kukiacha na namba ya zamani. Mtu habadiliki. Aliingiza mkono mfukoni akatoa clé. Nilimwambia hapana, Papa Serafini, kanuni hairuhusu. Alijaribu tena, jasho likimtoka, na vijana wake wakaanza kutazama dari. Nilimwacha ajaribu mpaka mwenyekiti alipomwonea aibu na kumshukuru kwa kuja. Mchana ule niliagiza makayabu, samaki wa chumvi, na bugali, nikala mpaka nikalamba vidole. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajaonja. Lakini kilikuwa kisasi cha mezani, kati yangu na yeye, kwa lugha ya kompyuta ambayo wengine hawakuielewa, na mjini niliendelea kuwa Mama Dozi kwa wale wanaokumbuka. Bado nilimdai maneno. Ndiyo sababu nilikwenda kwenye karamu.

Ilifanyika nyumbani kwa Kavira, mtaa wa Himbi, kwenye baraza linalotazama ziwa. Kulikuwa na samaki wakubwa wa Vitshumbi, sombe ya majani ya muhogo, ndizi za kuchoma, na watu niliowaona mara ya mwisho wakiwa wembamba. Wauguzi wa zamani walikuwepo. Daktari mkuu naye alikuwepo, kipofu wa jicho moja, akilishwa na binti yake. Paluku alikuwa na kipara na bado ana maoni juu ya kila kitu. Serafini aliketi kichwani mwa meza, amevaa shati la kitenge lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, na kila aliyeinuka kusema alimsifu. Nilipokwenda jikoni kunawa mikono alinifuata, akishika ukuta kwa ajili ya magoti.

“Kahindo,” alisema, “ile mambo ya zamani. Unisamehe. Shetani alinipitia.”

“Shetani hana clé, Shefu.”

Nilimwambia nilichokitunza kwa muda wote ule. “Ulinisema mbele ya batu. Kama unaniomba, niombe mbele ya batu. Beko bote pale.” Alisema yeye ni mzee, kwamba wajukuu wake wako barazani. Nikamwambia hata mimi nilikuwa mtoto wa mtu. Nilirudi mezani nikajipakulia samaki.

Alikawia. Aliporudi hakuketi. Aliomba kipaza sauti, akashika ukingo wa meza na kusimama wima, na nilimwona akipapasa kifuani akitafuta kifungo cha koti ambalo hakulivaa. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, kwamba kuna mtoto wa Kibumba aliyekaribia kufa wakati ule, na kwamba watu walimlaumu Kahindo. Kahindo hakukosa. Yeye Serafini ndiye aliyegusa msingi asubuhi ile ya wageni, akanyamaza, na akamwacha msichana abebe. Akasema anaomba radhi kwake na kwa Mungu. Kisha akaketi kwa shida, na mjukuu wake mmoja akamsogezea glasi ya maji.

Nilisubiri moyo utulie. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo kwa nusu ya maisha yangu, nikafikiri litaingia kama maji. Niliwatazama mezani mmoja baada ya mwingine, nikitafuta mshtuko, mtu wa kushika kichwa, mtu wa kusema kumbe. Muuguzi mmoja alifuta midomo. Paluku aliendelea kutoa mwiba kwenye samaki wake, kwa makini. Kavira, aliyeketi karibu nami, aliweka mkono gotini kwangu na kuniinamia, uso wake ukiwa na wema uleule wa Mapendo.

“Ona sasa, biliisha,” alisema. “Na weye usikae na roho mubaya, Kahindo. Siye bote tulijuaka. Ile asubui tulikuwa pale, miye na Paluku, tulimuona na clé yake. Tungesema nini? Tungefukuzwa bote.”

Alisema hivyo ili kunifariji. Nilimtazama machoni kuona kama kuna aibu, na hakukuwa na aibu, kulikuwa na mapenzi tu, na uchovu wa mwenye nyumba aliyepika tangu asubuhi. Nilikuwa nimefika pale na adui mmoja. Nikamwomba Kavira aondoe mkono wake gotini kwangu.